Ngao Niliyoifungia Pikipiki ya Lubarika

Jamani, nimechoka. Kila nikipita mbele ya kinyozi pale Kasenga, mmoja wenu anagonga debe mara tatu, na waliobaki mnajitupa chini kwa tumbo, mnafunika vichwa, kisha mnacheka mpaka machozi. Watoto wenu wameshajifunza. Juzi mbuzi mmoja alilala chini, nami naapa hakuwa mgonjwa. Basi naandika habari yote kwa mkono wangu, ili anayetaka kucheka acheke juu ya kilichotokea, si juu ya yale mnayoongeza. Kuongeza ni kazi yangu.

Habari za karatasi, mihuri na ruhusa za kupita naziruka. Zilikuwa nyingi, zote zilipatikana, na hakuna hata mmoja aliyezisoma.

KASENGA, SIKU NNE ZA NYUNDO

Mnajua nilivyosoma: shule ya jioni, miaka mitatu, ufundi wa mitambo, nikatoka na diploma yenye muhuri mkubwa kama sahani ya ugali. Kulehemu tulijifunza bila umeme, maana umeme wa Uvira nao ulikuwa mwanafunzi mtoro. Mwalimu alichora cheche ubaoni, sisi tukazinakili. Nilipata alama za juu kabisa darasani kwa cheche za chaki. Tangu hapo mtaa mzima unaniita Enjenia, na mimi sijawahi kumkatalia mtu.

Sasa, dada yangu Riziki ameolewa Lubarika, kule bondeni Ruzizi, chini ya milima. Mtoto wake wa kwanza alitoka kwa upasuaji. Mimba ya pili ilipofika mwezi wa tisa, muuguzi mkuu wa kituo cha afya cha kijiji, mama mmoja mkali ambaye wote wanamwita Mama Titileri, alisema neno moja: huyu lazima afike hospitali ya Kamanyola kabla uchungu haujaanza. Ukianza akiwa kijijini, yeye hana kisu wala dawa ya kumsaidia.

Kituo kile kilikuwa na pikipiki ya miguu minne, yale madude yanayopanda mawe kama mbuzi. Kutoka Lubarika mpaka barabara kubwa, mvua na vita vilikuwa vimekula njia kiasi kwamba gari halithubutu. Lakini mawe yalikuwa yameitoboa pikipiki karteri, yaani lile bakuli la chuma linaloshika mafuta ya injini chini ya tumbo, mara ya tatu. Shemeji yangu Kashindi, mume wa Riziki, aliileta kwangu juu ya lori la mihogo. Kashindi ni mkulima wa mpunga, mtu wa maneno machache, na machache hayo yote hunichoma.

"Enjenia," aliniambia, "Mama Titileri anasema uizibe tobo, halafu uiwekee chuma chini, jiwe lisiifikie tena. Na tuwe Lubarika Jumatano. Alhamisi anapeleka Riziki."

"Chuma tu?" nikamjibu. "Shemeji, nitaivalisha."

Kuziba tobo kulinichukua asubuhi moja. Kuivalisha kulinichukua siku nne. Kwa muuza vyuma chakavu nilipata ubavu wa lori la jeshi lililoungua, bamba nene, la rangi ya kijani, lenye tarakimu mbili nyeupe na matundu matatu ya risasi. Matundu nilishukuru. Nikapitisha buloni, yaani bolti, humo humo, maana Mungu alikuwa ameshatoboa. Nikakunja bamba chini ya tumbo lote, nikalipandisha ubavuni kulia na kushoto, nikafunga mbele, nikafunga nyuma. Hata panzi asingepata mlango. Uzito wake ulikuwa kilo mia tano. Tuseme themanini.

Kashindi aliizunguka mara mbili. "Inapumulia wapi?"

"Injini haina pua, shemeji."

Akasema tuipake matope. Nanyi mnajua ilivyo kwetu tangu vita vianze: mwenye kitu kizima hukifanya kionekane kibovu. Wenye baiskeli mpya huzifunga kamba za migomba, wenye gari hung'oa taa moja na kuificha chini ya kitanda, mradi mwenye bunduki akiona apite na kutema mate. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo. Mimi, mwenye diploma, nilichukua nusu chupa ya mawese nikaisugua ngao yangu mpaka ikang'aa. Nilitaka Lubarika waione ikitokea mbali.

KASENGA MPAKA KILIBA

Tuliondoka Jumanne alfajiri, mimi mbele na Kashindi nyuma. Ziwa lilikuwa limetulia mkono wa kulia, wavuvi wanarudi na ndagala, kila mtu anageuka kututazama. Nilipunga mkono kama gavana.

Baada ya Kavimvira nikagundua kwamba pikipiki haipandi tena mawe kama mbuzi. Inapita kama tembo mwenye mimba. Kila shimo dogo ngao ilikwaruza ardhi, na ilipokwaruza, tulisimama.

"Ngao yako inashika njia," Kashindi akasema.

"Ndiyo kazi yake, kushika."

"Nilifikiri kazi yake kutufikisha."

Kiliba tulinunua miwa, tukaila tumekaa kando ya barabara, maana pikipiki ilikuwa imeanza kutoa harufu. Harufu nzuri, lazima niseme. Mawese yale yalikuwa yanakaangika. Mama mmoja aliyepita na beseni kichwani alisimama akauliza tunauza samaki gani. Nilimwambia hatuuzi samaki. Akainama, akatazama chini ya pikipiki, akatazama uso wangu, akaondoka anatikisa kichwa, hata beseni lilitikisika.

SANGE

Kwenye kizuizi cha Sange, ile barieri ya mti uliolazwa njiani, walikuwepo askari sita na komanda wao, mtu mfupi mwenye kofia kubwa. Walikuwa hawajala tangu jana, ilionekana kwa jinsi pua zao zilivyofika kwetu kabla yao.

Komanda aliinama, akaisoma ngao yangu pole pole. Rangi ya kijani. Tarakimu mbili nyeupe. Mng'aro.

"Hii kitu iko ya nani?"

"Iko ya santé ya Lubarika, komanda," Kashindi akajibu. "Iko ya wagonjwa."

"Wagonjwa wanavaa chuma ya jeshi? Weye," akanigeukia, "uko muntu gani?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema yeye ni mlinda mbuzi. Mimi nilisema, "Minye niko enjenia." Nikaongeza kwamba ngao hiyo nimeibuni mwenyewe, kwamba hakuna jiwe wala risasi itakayoipita, kwamba kutoka Uvira mpaka Bukavu hakuna ya pili. Kila neno lilipotoka, nilisikia Kashindi nyuma yangu akipumua kama mtu anayechomwa sindano.

"Vizuri kabisa," akasema komanda. "Chombo kama hiki kinafaa jeshi. Kitabaki hapa. Na weye enjenia utabaki nacho."

Kashindi alijishusha. Akaeleza habari ya mkewe, ya mtoto wa kwanza, ya Alhamisi. Aliongea maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema tangu aje kutoa posa kwetu. Komanda alimsikiliza, hata nafikiri alisikitika. Lakini macho yake yalikuwa yanarudi kwenye ule mng'aro.

"Komanda, chukua chuma, tuachie pikipiki," Kashindi akasema.

Nami, jamani, mbele ya shemeji yangu na tumbo la dada yangu, nilisema, "Hapana, hiyo ni kitu kimoja, haitengani." Niliionea huruma ngao. Tangu siku hiyo Kashindi hajanisamehe, na ana haki.

Komanda akapanda. Akaiwasha ili aijaribu. Ilikwenda mita thelathini. Kisha moshi wa bluu ulitoka pande zote nne, mawese ya mwisho yakashika moto kidogo, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Komanda akaruka kofia ikabaki nyuma. Akajaribu kuiwasha tena: kimya. Askari wake wakaja, wakapiga teke, wakapulizia, wakaisukuma juani. Saa sita, saa saba, saa nane. Mimi nilikuwa nimetoa sababu kumi na mbili za kifundi, zote za uongo, kwa sababu ile ya kweli nilikuwa siijui.

Mwisho komanda akafuta uso. "Enjenia, weye umesoma wapi?"

"Shule ya jioni, komanda."

"Inaonekana ulikuwa unalala. Ondoeni uchafu wenu mbele ya barieri yangu."

Tukaiondoa. Kwa kuisukuma, kilomita mia moja. Kashindi anasema nane.

LUBERIZI, KWA MAMA FEZA

Kufika Luberizi jua lilikuwa linainama juu ya mashamba ya mpunga, na mikono yangu ilikuwa imerefuka kila mmoja kwa kiganja. Tulisimama penye mama mmoja anayekaanga mandazi kando ya njia, Mama Feza, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuuzia soko zima. Tulikula mandazi kumi na sita na ndagala za kukaanga. Mimi peke yangu nilikula ishirini.

Alituuliza tumebeba maiti gani. Kashindi akamweleza. Mama Feza akaacha mwiko, akaja kuikagua ngao, akaingiza vidole chini, akavichomoa haraka.

"Baba, nani alifunga hii?"

"Mimi."

"Na moto unatokea wapi?"

Nikaanza kumfafanulia mambo ya injini. Akanishika bega, akanigeuza mpaka kwenye mbabula yake, lile jiko la mkaa lililotengenezwa kwa rimu ya gari, likiwa na matundu pande zote.

"Hii mbabula alinitengenezea muntu asiyejua kusoma jina lake," akasema. "Ona matundu. Ingekosa matundu, mkaa ungekufa na mimi ningekula nini? Weye umesoma miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Maskini. Njoo nikumalizie."

Basi nilimaliziwa. Tulifungua buloni, tukaingiza bamba kwenye mkaa wake kipande kwa kipande mpaka likawa jekundu, Kashindi akashika kwa koleo, mimi nikatoboa kwa mtaimbo na nyundo, na Mama Feza akasimama akihesabu matundu kwa sauti ili majirani wote wafaidi. Tulipofika ishirini akasema inatosha, sasa tutafute usingizi. Alitulaza kwa kaka yake, kwenye magunia ya mpunga.

Asubuhi ya Jumatano tulifunga tena. Lakini chuma kilichoingia motoni hurudi kimepinda. Matundu ya buloni hayakukutana tena na mahali pake, na kati ya buloni nane zilikubali nne. Ngao ikabaki inaning'inia.

"Inacheza," Kashindi akasema.

"Inapumua," nikamjibu.

NJIA ISIYO NA WATU

Injini iliwaka mara moja, ikanguruma vizuri, nami nikaimba. Sikuweza kusikia nyimbo zangu. Ngao ilikuwa inagonga chini ya tumbo mfululizo, ta-ta-ta-ta kwenye njia nzuri, na kwenye shimo: bwaa! Matundu ishirini ya Mama Feza nayo yalipiga mluzi. Nilifurahi. Nilisema angalau jiwe litatusikia na kuhama.

Baada ya Bwegera tukaingia kwenye jambo ambalo sikuwahi kuliona. Barabara ilikuwa haina mtu. Tulipita mashamba, majembe yamelala kwenye udongo, jembe moja bado linatikisika. Tulifika kijisoko cha njiani: mihogo imepangwa, maharage yanachemka, sufuria mbili, tatu, na hakuna mpishi. Kiatu kimoja cha mtoto katikati ya njia.

Nikazima injini. "Hodi!"

Kimya.

"Wapo kwenye msiba," nikasema. "Watu wa huku wana umoja." Nikachukua kipande cha muhogo, nikakiona hakijaiva, nikakirudisha kwa heshima.

Kashindi alikuwa amebadilika rangi. "Enjenia, hawapo msibani. Watu wamekimbia. Kuna jeshi linakuja nyuma yetu."

Sote tunajua harufu ya kijiji kilichokimbia, tumeikimbia mara ngapi sisi wenyewe na godoro kichwani. Tukasikiliza. Hakuna kitu. Na kimya ndicho kilichonitisha zaidi. Nikawasha, nikafungua mafuta mpaka mwisho. Ta-ta-ta-ta-ta! Kila tulipofika, watu walikuwa wametoka dakika ile ile. Kijiji cha pili, tupu. Luvungi, milango inafungwa mbele ya macho yangu. "Wako karibu!" nilimpigia Kashindi kelele. "Tunafukuzwa!" Nikaongeza mwendo. Nilikunja kwenye njia ya Lubarika nikiwa nimelala juu ya usukani ili risasi zipite juu. Mara mbili jiwe liligonga ngao, bwaa! bwaa!, na mara zote mbili nilisema moyoni kwaheri Uvira.

Jamani, nimewaza sana jinsi ya kuandika mstari unaofuata bila aibu, nimeshindwa. Nilikuwa ninajikimbia mwenyewe.

LUBARIKA

Lubarika pia palikuwa kimya. Nilisimamisha pikipiki mbele ya kituo cha afya, na baada ya muda mrefu kichwa cha Mama Titileri kikatokea kwenye migomba, kitambaa cheupe kimejaa majani.

"Njo weye?!" akasema. "Njo weye Enjenia? Minye nimelala kwenye siafu kwa ajili yako?"

"Mama, kuna jeshi nyuma yetu!"

Alitazama njia. Akatazama pikipiki, ngao inaning'inia, inatoa tone la mwisho la kelele yenyewe, ting. Akaishika kwa vidole viwili, akaitikisa. Ta-ta-ta. Akanitazama, nami nikaanza kuelewa, kuanzia miguuni kwenda juu.

"Riziki yuko wapi?" Kashindi akauliza.

Mama Titileri akashika mdomo. Uchungu ulikuwa umeanza asubuhi. Wangemngoja nani? Wanaume wanane wa kijiji walimweka kwenye kipoyi, kile kitanda cha miti kinachobebwa mabegani, wakaondoka naye kwa miguu kuelekea barabara kubwa. "Saa nzima sasa. Hamkukutana?"

Hatukukutana na mtu. Hatukukutana na mtu kwa sababu kila mtu alikuwa ametusikia. Tulikuwa tumempita dada yangu, akiwa na uchungu, amefichwa mahali fulani kwenye mahindi, wabebaji wake wamelala chini wakiomba Mungu tupite.

Kashindi alishika usukani, akaigeuza pikipiki. Heri angenitukana.

Tulirudi tukiisukuma pikipiki, injini imezimwa, mimi, yeye na Mama Titileri na mkoba wake. Mahindi yalikuwa marefu pande zote mbili. Kashindi akaita, "Riziki! Mimi Kashindi! Tokeni, ni sisi!" Kimya. Akaita majina ya wabebaji mmoja mmoja. Hata jani halikutikisika.

"Hawatajibu," akasema Mama Titileri. "Hujui? Muntu anaweza kuita jina lako akiwa na bunduki mgongoni."

Ni kweli. Ndivyo walivyowatoa watu wa vijiji vingi. Mwaka ule hakuna aliyeitika jina lake kutoka porini, hata akiitwa na mama yake. Tulisimama pale katikati ya njia na sauti zetu hazikuwa na thamani yoyote.

Basi Kashindi akanigeukia. Nafikiri alikuwa amehifadhi tangu Jumatatu.

"Nilikuambia uweke kipande kimoja. Kimoja! Chini ya karteri! Weye ukaifunga kama sanduku la maiti!"

"Ni mimi nilisema tukaze buloni nane! Nani alishika koleo kombo?"

"Koleo? Unaongea koleo? Ulipaka mawese! Nani anapaka mawese chombo wakati wa vita? Hata mwendawazimu wa soko la Kasenga hapaki!"

"Lilikuwa linang'aa!"

"Lilikuwa linakaanga! Na komanda nilimwambia abaki na chuma, ukakataa! Dada yako anakufa, weye unalilia bati!"

"Si bati, ni bamba!"

Na hapo, kutoka kwenye mahindi, hatua ishirini hivi, sauti ya Riziki ikapasuka, nyembamba kwa maumivu: "Tokeni, jamani, nibebeni, ni wao! Mateka hawagombani hivyo!"

Mahindi yakafunguka. Wanaume wanane, wameloa jasho, na katikati kipoyi, na juu yake dada yangu, uso wa kijivu, ameuma kanga mpaka imetoboka. Kiongozi wao, Baba Neema, mjenzi wa nyumba, alinitazama tu. Riziki akanishika kola.

"Kaka," akasema, "nilipokusikia unapita nilisema, Mungu wangu, jeshi gani hili bovu hivi."

MTO KABLA YA KAMANYOLA

Kwa miguu, Kamanyola wangeifikia kesho. Riziki hakuwa na kesho. Mama Titileri alimpima akasema tuna saa tatu, labda nne, na baada ya hapo asiulizwe.

Tatizo la kwanza lilikuwa uzito. Riziki nyuma amelala juu ya godoro la kipoyi, Mama Titileri amemshika, mimi kwenye usukani: pikipiki ilikaa chini kabisa. Ama ngao ibaki, ama Kashindi abaki. Mimi nilishafungua buloni moja. Kashindi akanishika mkono.

"Na mto?" Kabla ya Kamanyola kuna mto ambao daraja lake lilikuwa limeliwa na vita, watu wanavuka kwenye mawe. "Karteri ikipasuka mle mtoni, itakuwaje? Iache. Minye nitakuja kwa miguu."

Tatizo la pili lilikuwa kelele. Tukipita tena tukigonga, barabara nzima ingelala kwenye mahindi, na penye barieri wangetupiga risasi kwanza. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kutia kati ya bamba na chasi, Kashindi akaketi chini, akavua sandali zake, zile zilizokatwa kwenye mpira wa gari. Akazipasua kwa panga la Baba Neema vipande vinne, akanipa. Nilivibana kwenye buloni nne, nikakaza. Nikapiga teke: duu, kimya, kama kugonga gunia.

Miaka mitatu ya shule ya jioni hakuna aliyenifundisha kutia mpira kati ya chuma na chuma. Au alinifundisha, na ndiyo ile siku niliyolala.

Tulikwenda. Sina kichekesho cha kipande hiki. Luvungi watu walikuwa wamerudi, walitupisha. Barieri mbili, Mama Titileri alifunua kanga tu askari waone uso wa Riziki, na mti ukainuliwa. Riziki aliacha kunitukana karibu na Katogota, na hilo lilinitisha kuliko jeshi lolote.

Kwenye mto niliingia pole pole. Maji yalifika kwenye matundu ya Mama Feza. Katikati kabisa gurudumu la mbele liliteleza na pikipiki nzima ikaanguka kwa tumbo juu ya jiwe kubwa. Nilisikia bamba likipinda, sauti ya mlango mzito unaofungwa. Nikangoja mafuta. Nikatazama maji yaliyokuwa yanatiririka chini yangu, nikingoja yawe meusi. Yalibaki maji. Injini iliendelea. Nikafungua mafuta kidogo, ngao ikateleza juu ya jiwe kama mtumbwi, tukatoka ng'ambo.

Mama Titileri hakusifu. Alisema, "Endesha."

KAMANYOLA

Walimpokea saa kumi na nusu. Mlango ulifungwa, nami nikabaki nje na pikipiki, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuwa na la kuongeza. Jua halijazama, Mama Titileri akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitenge, kinapiga kelele kubwa. Msichana. Mama yake mzima.

Asubuhi yake, nikiwa nimeketi kwenye ngazi nakunywa uji, nikaona watu wanakuja barabarani kwa mstari. Walikuwa wale wanane, wamebeba kipoyi kitupu mabegani. Kando yao alikuwa Kashindi, anatembea kwa visigino, miguu imevimba, vidole vimefungwa majani ya mgomba. Baba Neema akaniambia walimwomba apande kipoyi tangu Katogota. Alikataa. Alisema si chake.

Aliingia ndani bila kunisalimia. Nilisikia Riziki akisema, "Miguu yako!" kisha hawakusikika tena, wala sikusikiliza.

Wabebaji wakaegemeza kipoyi ukutani, karibu kabisa na pikipiki. "Hii tunaiacha hapa," akasema Baba Neema. "Siku atatoka, tutakuja kumchukua."

"Lakini pikipiki ipo," nikasema. "Imenyamaza sasa. Na ngao, umeona ilivyofanya mtoni?"

"Tumeona," akajibu kwa upole. "Iko nzuri."

Baada ya siku kumi walirudi wote wanane, wameoga, wamevaa mashati ya Jumapili. Kashindi alilala chini ya pikipiki na ufunguo, akachomoa vipande vyake vinne vya mpira, akavishona kwa waya kuwa sandali tena, kila moja ina tundu la buloni chini ya kisigino. Ngao ikarudi kucheza, ta-ta. Riziki akatoka na mtoto kifuani. Alipita pikipiki, akaigusa kidogo usukani, akapanda kipoyi. Wakamwinua.

"Mimi je?" nikauliza. "Nitangulie au nifuate?"

Dada yangu alinitazama kutoka juu, kutoka mabegani mwa wanaume wanane. "Kaka, mtoto amelala. Weye kaa hapa mpaka tufike."

Nilikaa siku mbili.